Baiskeli Mpakani: Vichekesho vya Jacques Tati na Historia ya Usafiri kati ya Busia na Tororo

Jacques Tati, mwigizaji na mwongozaji filamu wa Ufaransa (1907–1982), aliacha filamu ndefu sita tu, na karibu zote zinazungukia jambo moja: maisha ya kisasa huja na ahadi ya haraka, halafu humkalisha mtu akisubiri. Tati aliliona jambo hilo kwanza katika kijiji kidogo cha katikati ya Ufaransa, muda mfupi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Afrika Mashariki nayo ina mahali ambapo jambo hilohilo limeandikwa barabarani kwa miaka zaidi ya sitini. Ni mpaka wa Kenya na Uganda, kutoka Busia hadi Malaba na Tororo. Huko ndiko ilikozaliwa boda boda, na ilizaliwa kwa sababu magari hayakuweza kupita.

Filamu ya kwanza ya Tati katika hizo sita, Jour de fête, ilipigwa mwaka 1947 katika kijiji cha Sainte-Sévère-sur-Indre na kuanza kuonyeshwa mwaka 1949. Tati alikuwa amewahi kuishi sehemu hizo wakati wa vita, na wanakijiji wenyewe waliingia katika filamu. Mhusika mkuu ni François, tarishi wa posta, mtu mrefu mwenye masharubu anayezunguka na baiskeli akipeleka barua. Kazi yake haina papara. Njiani husimama kusaidia kuinua mlingoti wa bendera, hunywa kidogo, husikiliza habari za watu. Siku ya gulio la sherehe inafika hema la sinema, na ndani yake inaonyeshwa filamu fupi kuhusu posta ya Marekani: helikopta, pikipiki zinazoruka motoni, matarishi wenye misuli wanaofanya kila kitu kwa kasi ya ajabu. Watu wanamcheka François, naye, akiwa amelewa na ameumia moyoni, anaapa kupeleka barua kama Mmarekani.

Kinachofuata ni miongoni mwa dakika bora kabisa za vichekesho vya sinema. François anashika sehemu ya nyuma ya lori linalokimbia, anageuza bodi yake kuwa meza, anapiga mihuri barua huku akiendelea kukanyaga pedali. Anawapita waendesha baiskeli wa mashindano. Baiskeli inamtoroka, inakwenda peke yake barabarani, naye anaifukuza kwa miguu. Mwisho anatumbukia mtoni. Bibi kizee mwenye mbuzi anamtuliza kwamba habari njema huweza kungoja, na François anaishia shambani akisaidia wakulima kukusanya nyasi, huku mtoto wa kijiji akibeba mfuko wa barua kumaliza safari. Posta haikufa. Barua zilifika.

Filamu hiyo yenyewe ilionja kile inachokisema. Tati aliipiga kwa mfumo mpya wa rangi ulioitwa Thomsoncolor, na kando yake akaweka kamera ya pili ya picha nyeusi na nyeupe kwa tahadhari. Mfumo mpya ulishindikana; hakuna maabara iliyoweza kutoa nakala. Watazamaji walipewa picha za ile kamera ya tahadhari, na toleo la rangi lilipatikana mwaka 1995, miaka kumi na mitatu baada ya kifo cha Tati, kwa juhudi za binti yake Sophie Tatischeff na mpigapicha François Ede.

Lile hema la sinema lina ndugu yake Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937 lilifanyika Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, likiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kutoka kituo cha Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Lilitengeneza filamu 35, na lori lake likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likiwaonyesha watu picha usiku, sauti ikitoka katika sahani za santuri zilizorekodiwa kwa lugha mbalimbali. Mojawapo ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta: ilihimiza watu waweke fedha huko badala ya kuzificha nyumbani. Posta, kama kwa François, ndiyo ilikuwa sura ya usasa. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Kitengo cha Filamu za Makoloni, na magari ya sinema yakawa sehemu ya kazi ya idara za habari katika makoloni yake.

William Sellers, aliyekiongoza kitengo hicho, alishikilia kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, zisiwe na mikato ya haraka wala hila za kamera, kwa kuwa watazamaji wasingeelewa. Dhana hiyo ilikuwa dharau iliyovishwa joho la utaalamu. Maonyesho yaleyale yaliyofundisha kuchimba vyoo na kutunza mifugo yalipambwa na filamu fupi za Charlie Chaplin, zenye kasi na hila tele, nazo zilikuwa kipenzi cha watazamaji.

Vichekesho vyenyewe vya kikoloni vilikuwa na mkondo wake. Katika Muhogo Mchungu, filamu ya Tanganyika ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ambayo Rashidi Mfaume Kawawa, waziri mkuu wa Tanganyika wa baadaye, aliigiza kama nyota wake, mtu wa shamba anafika mjini na kuchezewa na wajanja. Mtazamaji hualikwa kumcheka mshamba huyo kwa kutojua mji. Tati alichukua hadithi ileile na kuipindua. François ni mshamba, lakini kinachotia kicheko ni ile ndoto ya helikopta iliyomwingia kichwani, na ndiyo inayoanguka mtoni pamoja naye. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika mkondo wa kwanza usasa ni kipimo na mtu ndiye anayepimwa. Katika ule wa Tati ni kinyume, na ndiyo maana filamu zake zinasaidia kuisoma historia ya Busia kuliko filamu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Waafrika.

Mpaka wenyewe ni kitu cha juzi. Hadi mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea hadi Bonde la Ufa. Mwaka huo ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya, na mstari ukasogea magharibi. Uliwakata Wasamia na Waiteso, ukaacha koo moja pande mbili. Hata hivyo kwa miongo mingi ulikuwa mstari wa maofisa zaidi kuliko wa wananchi. Reli kutoka Nakuru na Eldoret ilivuka hadi Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920 na kufika Kampala mwaka 1931. Pamba, iliyoanza kulimwa Uganda mwanzoni mwa karne, iliwapa wakulima wa mashariki fedha za kununua baiskeli, Raleigh za Uingereza zikiwa na sifa kuliko zote. Na posta ilikuwa moja: kuanzia mwaka 1933 huduma za barua za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na stempu zikabeba majina ya nchi zote tatu. Kwa barua, kati ya Tororo na Busia hapakuwa na mpaka.

Uhuru wa Uganda, tarehe 9 Oktoba 1962, na ule wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1963, uliugeuza mstari huo kuwa mpaka wa mataifa mawili. Yakawekwa mageti, uhamiaji na forodha. Gari lililotaka kuvuka lilihitaji karatasi ambazo wenye mabasi na teksi wengi hawakuwa nazo, au hawakuona faida ya kuzitafuta kwa safari fupi. Pale Busia, kati ya geti la nchi moja na geti la nchi nyingine, palikuwa na kipande cha barabara cha karibu kilomita moja kisicho na usafiri. Abiria alishushwa upande mmoja na mizigo yake, akalitazama jua, akaanza kutembea.

Vijana wenye baiskeli waliiona nafasi hiyo. Baiskeli haikuhitaji karatasi za gari. Keria ya nyuma, iliyotengenezwa kwa ajili ya mzigo, iliongezewa nguvu na kufungwa mto wa sponji uliovikwa ngozi bandia, mara nyingi wa rangi kali na vishada pembeni, na abiria akaketi. Waendeshaji walisimama getini wakiita boda, boda, na jina likabaki. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1960 na kukua sana katika muongo uliofuata, kisha ikaenea Tororo, Mbale, Kisumu na miji mingine ya pande zote mbili. Hakuna wizara iliyoibuni na hakuna mfadhili aliyeichangia.

Katika filamu za kufundisha, baiskeli ilikuwa kiwango cha chini cha maendeleo, kitu cha kuachwa nyuma mara mtu apatapo injini. Busia ilikataa mpangilio huo. Pale getini lori la tani thelathini lilisimama, baiskeli ikapita. Chombo cha polepole kikawa ndicho cha haraka, si kwa sababu kilibadilika, bali kwa sababu dola ya kisasa ilijenga kizuizi ambacho injini haikuweza kukiruka. Huu ni mzaha wa Tati hasa, ingawa watu wa Busia waliuishi bila kuufahamu mzaha huo, na kwao ulikuwa ada ya shule na unga wa jioni.

Miaka ya 1970 iliongeza uzito wa kazi hiyo. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, Waasia wakafukuzwa mwaka 1972, na biashara rasmi ya Uganda ikaporomoka. Sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya kutafutwa. Kisha, Julai 1975, baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazili na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi hadi mwaka 1977. Mkulima wa Uganda alilipwa na bodi ya serikali bei ndogo, tena kwa kuchelewa. Ng'ambo ya mpaka alilipwa papo hapo. Kahawa ya mashariki mwa Uganda ikavuka usiku kwa vichwa, kwa punda na kwa baiskeli, na kituo cha Chepkube, upande wa Kenya chini ya Mlima Elgon, kikawa na sifa hadi leo katika kumbukumbu za magendo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na posta ya pamoja ikafa nayo. Njia za panya zilidumu. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizo mbili yalifyatuliana risasi Busia na mpaka ukafungwa kwa muda, lakini hata tukio hilo halikuzimaliza.

Katika historia hii wamo pia watu ambao huachwa nje ya simulizi za usafiri. Watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao wakiwa manusura wa polio, walijenga Busia biashara ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Maofisa wa forodha mara nyingi waliwaachia wapite na mizigo midogo bila kuwabana, na wao wakaifanya nafasi hiyo kuwa ajira, wakajenga vikundi na kusomesha watoto. Kiti cha magurudumu, ambacho kwa taratibu za hospitali ni kifaa cha mgonjwa, kilikuwa hapo gari la kazi. Jambo hili linastahili nafasi katika kitabu chochote cha historia ya mpaka huo.

Wakati boda boda inaota mizizi, Tati alikuwa ameviacha vijiji na kuingia mjini. Les Vacances de Monsieur Hulot, ya mwaka 1953, ilimleta Hulot, bwana mrefu mwenye kiko na suruali fupi kidogo, katika hoteli ya pwani. Mon Oncle, ya mwaka 1958, iliyopata tuzo ya Oscar kwa filamu ya nchi za kigeni, ilimweka katika nyumba ya shemeji yake yenye vifaa vya umeme kila pembe. Pale bustanini kuna chemchemi yenye umbo la samaki ambayo huwashwa wageni wa maana tu wanapobisha hodi. Akitokea mtu wa kawaida, huzimwa. Lango la gereji linajifungua na kujifunga lenyewe, na linawafungia ndani wenye nyumba baada ya mbwa wao kupita mbele ya jicho la mtambo. Kwa Tati, ubaya haukuwa katika kifaa bali katika watu waliokubali kuishi kwa namna ambayo kifaa kinataka.

Miaka hiyo ndiyo Tororo ilipopata sura yake ya viwanda. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1953, chini ya mpango wa Shirika la Maendeleo la Uganda, karibu na mwamba mkubwa unaoutambulisha mji huo. Saruji ilikuwa lugha ya usasa kutoka Paris hadi Kampala. Katika Playtime, ya mwaka 1967, Tati alijenga nje ya Paris mji mzima wa vioo na zege kwa ajili ya kamera tu, akaupiga kwa filamu pana ya milimita 70, na gharama zikamfilisi. Ni kazi yake kubwa kuliko zote. Ndani yake majengo yanafanana kiasi kwamba watalii wanaona minara maarufu ya mji kwenye vioo vya milango pekee, na furaha inaanza pale mkahawa mpya unapoanza kubomoka na wateja wanapojipangia mambo wenyewe ndani ya uchakavu huo. Wateja hao na vijana wa getini Busia wanafahamiana kwa tabia, ingawa wako mbali kwa kila kitu kingine.

Filamu iliyo karibu kabisa na mpaka ni Trafic, ya mwaka 1971. Kampuni ya magari ya Paris inapeleka gari lake la kulalia kwenye maonyesho ya Amsterdam. Lori linalolibeba linapata pancha, linaishiwa mafuta, na kwenye mpaka wanaingia mikononi mwa maofisa wa forodha. Wakiwa wamezuiwa, Hulot na wenzake wanalazimika kuonyesha gari hilo hatua kwa hatua: mbele panageuka jiko la kuchomea nyama, na vitu vingine vya nyumbani vinachomoza kutoka kila upande. Maofisa wanashangaa, muda unakwenda. Msafara unapofika Amsterdam, maonyesho yamekwisha. Katikati ya hayo yote kamera ya Tati inakaa kwa subira juu ya madereva waliokwama kwenye foleni, kila mmoja peke yake nyuma ya kioo, akipiga miayo au akichokonoa pua.

Dereva wa matrela kutoka Mombasa angeitambua filamu hiyo bila kuelezwa neno. Bidhaa za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupitia Busia na Malaba, na kwa miaka mingi lori lilikaguliwa mara mbili, upande wa Kenya kisha upande wa Uganda, likisubiri siku kadhaa. Foleni ilizaa mji wake: wauza chai na chapati, mafundi wa matairi, mawakala wa forodha, utingo waliolala chini ya tela. Katika janga la Uviko-19, kuanzia mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa kabla ya kuvuka, malori yalijipanga kwa makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Baina ya malori hayo baiskeli na pikipiki zilipita zikipeleka chakula na maji kwa waliokwama.

Filamu za Tati hazikuwa na soko huku, lakini uzao wake ulifika. Rowan Atkinson ameeleza jinsi Hulot alivyomwathiri, na Mr. Bean wake, aliyeanza mwaka 1990 katika televisheni ya Uingereza, alienea Afrika Mashariki kwa kanda, kwa diski na kwenye skrini za mabasi ya usiku. Hakuhitaji mkalimani. Katika vibanda vya video vya Uganda, ambako mkalimani anayeitwa VJ hufasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda papo hapo na kuongeza mizaha yake, kichekesho kisicho na maneno kinampa VJ uwanja mpana. Upande wa Kenya DJ Afro alijipatia jina kwa kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili cha mitaani. Tati alipunguza mazungumzo hadi yakawa minong'ono nyuma ya kelele za milango na viatu. VJ aliyarudisha kwa wingi. Wote wawili walimkabidhi mtazamaji wa kawaida filamu ambayo vinginevyo ingempita.

Injini iliifikia boda boda yenyewe katika miaka ya 1990, pikipiki zilipoanza kubeba abiria Uganda. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na pikipiki za India na China zikajaa barabarani. Kipato kiliongezeka, na safari ya hospitali usiku ikawezekana hata vijijini. Ajali nazo zikaongezeka, wadi za mifupa zikajaa vijana. Wengi hawana pikipiki zao. Huendesha ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila siku, na hesabu hiyo ndiyo inayowasukuma kukimbia. François alikimbia kwa sababu ya kejeli za wanakijiji. Mwendesha pikipiki wa Busia hukimbia kwa sababu jioni kuna fedha za mtu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Kuanzia mwaka 2014 Wakenya na Waganda wamekuwa wakivuka kwa kitambulisho cha taifa. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja na lori hukaguliwa mara moja tu, katika nchi linakoingia. Muda wa kuvuka ulipungua kutoka siku hadi saa. Wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake wa nafaka, samaki na mitumba, hupewa utaratibu uliorahisishwa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Baiskeli zingali zipo kwenye safari fupi: kutoka getini hadi sokoni, na gunia la mahindi au mtungi wa maji kwenye keria, kwa nauli ndogo kuliko ya pikipiki.